Gia ya Pili

Miaka thelathini na mmoja uliipita barabara hii
na tangi la mafuta mgongoni,
na hukushuka ila kukojoa
na kuyapiga teke magurudumu.

Leo usukani ni wangu.
Daktari wa Bariloche alikuandikia barua fupi:
macho yamechoka, leseni irudishwe.
Nami nikajifunza kuendesha nikiwa na sitini na miwili,
nikayagonga mapipa ya jirani yetu Don Anselmo,
ambaye hata leo akisikia injini
huwaita kuku wake waingie ndani.

Ni Aprili. Huku kusini Aprili ni mwezi wa kupukutika.
Miti ya lenga imeshika moto toka kileleni,
nyekundu ya kutu, nyekundu ya divai iliyomwagika,
nyekundu ya lile koti nililokataa kulitupa.
Wewe huoni majani. Waona rangi tu, wasema,
kama ukuta ambao fundi hajaumaliza.
Lakini barabara unaijua kwa makalio:
"Hapa gia ya pili, Delmira. Achia breki.
Daraja laja, bovu upande wa kulia."
Na daraja likaja,
bovu upande wa kulia.

Kibao kilisema: ziwani, dakika saba.
Sisi ishirini na tano,
goti langu likihesabu mizizi,
mkono wako umeshika mkanda wa koti langu.
Kwarara wawili wakalia kwenye kinamasi
kama bawaba zilizonyimwa mafuta.
Kisha miti ikaachia, na ziwa hilo hapo,
limekaa tu, halijitambulishi kwa mtu.
Ulilisikia kabla ya kuliona.
"Hili lilikuwa hapa siku zote?"
"Tangu barafu."
"Mita mia mbili toka kona yangu!"
Ukatikisa kichwa kama mpangaji
aliyelipa kodi maisha yake yote
ya nyumba yenye chumba asichowahi kukifungua.

Tukanywa mate juu ya boneti.
Ndilo jina lake, na kweli mate yetu yamo humo,
mrija mmoja wa bati, miaka arobaini twapokezana.
Mkate, jamu ya waridi-mwitu, upepo ukitaka kuonja.
Kigogota akaanza kuugonga mti mfu.
"Huyo analipwa saa za ziada," ukasema,
ukacheka peke yako, ukakohoa,
ukaomba sukari ambayo umekatazwa.
Nikakupa.

Kwenye kona ya Iturra hukuitaja gia.
Niliiweka ya pili mwenyewe.
Kuna msalaba wa chuma pale
na kifuniko cha gurudumu kilichopakwa chokaa;
hukuviona, huwezi kuviona,
ila kofia uliivua mahali penyewe hasa
na ukairudisha kichwani baada ya kilomita nzima.
Sikuuliza. Redio ilikuwa imekwisha kukata mawimbi.

Ziwa la tatu halina kibao.
Njia yake ni ya ng'ombe, fupi,
na matope yalitaka kiatu changu cha kushoto, yakakipata.
Ulinisubiri ukiwa umeegemea jiwe, ukinusa.
"Maji haya yana harufu ya sarafu," ukasema.
Nikanusa. Yana harufu ya maji.
Lakini nilinusa tena.

Jua likaanza kukusanya vitu vyake.
Gari nilikuwa nimeliingiza vibaya, kichwa mbele,
mtaro huku, kisiki kule,
na rivasi bado ni adui yangu.
Ukashuka bila kuambiwa.
Ukapapasa bati mpaka nyuma,
ukasimama ukingoni, mikono juu,
kama ulivyowaongoza madereva wachanga bohari ya Zapala:
"Njoo. Njoo. Kata kulia. Njoo..."

Kwenye kioo nilikuona mzima,
na nyuma yako ziwa lote limekolea shaba,
nawe umelipa mgongo,
unaniangalia mimi, au ule ukungu ulio mimi.

Nilikuwa nimeshaelewa usukani.
Nikakosea tena, makusudi.
"Taratibu," ukasema. "Tuna muda.
Rudi mbele, tuanze upya."