Kizibo

Mwaka huu DAP hapa Urambo
inapimwa kwa kizibo cha soda.
Shimo moja, kizibo kimoja,
na Kalunde hafuti mkono kwenye kanga:
vumbi lililonata analikung'utia shimoni.

Mfuko ulikuja kwa mkopo,
chama kimeuandikia jina: tumbaku.
Tumbaku imeshiba, inang'aa kama imepakwa mafuta.
Mahindi yamedumaa,
majani yamepiga zambarau
kama midomo ya mtoto aliyekawia mtoni.

Bintiye anauliza, mbolea hutoka wapi?
Huchimbwa mwambani, mama.
Na mwamba hauzai.

Jioni anapita buchani kwa Kashindye.
Nyama haulizi bei.
Anaomba mifupa, ile ya kutupiwa mbwa.
Ataichoma, ataitwanga
kwenye kinu kilekile cha kisamvu.