Yasing'ae Sana

Dawa ya tairi naiweka kwenye chupa ya sharubati ya ukwaju,
kifuniko nimekitoboa kwa msumari wa moto.
Sponji nimeikata mwenyewe
kutoka godoro la mwanangu, alipoacha kukojoa.

Hapa Tudor, nyuma ya pampu ya petroli,
kila gari lina haki yake.
La bwana harusi: mipako mitatu, usifute,
mpaka shemeji aone meno yake kwenye ubavu wa tairi.
La wakili: mpako mmoja, ngoja, futa.
La kubebea jeneza: sabuni na maji, basi.
Teksi ya Rajabu Mbwana, huyo husema, "Mwaga mpaka idondoke,"
nami nikimwaga mpaka idondoke
jioni arudi, milango ina madoa kama ndizi ya juzi,
aniuliza mimi kulikoni.
Nilikwambia ungoje ikauke, Rajabu.
Rajabu na kungoja hawajapata kuonana.

Chengo, wiki yake ya kwanza,
alipaka hadi pale tairi linapokanyaga lami.
Nikamnyang'anya sponji.
Hapo hapapakwi. Gari nalo lataka kushika ardhi.
"Na nani atajua?"
Breki, nikamwambia.

Jumanne, kabla ya adhuhuri,
akaja Bi Swabra na Datsun ya marehemu babake,
rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
matairi yamepauka, yana magaga.
Hakuzima injini.
"Saa tisa mnunuzi aja. Atoka Voi."
Niyang'arishe?
"Yang'ae. Lakini yasing'ae sana."
Nusu?
"Si nusu." Akatafuta neno kwenye usukani, akalipata.
"Yaonekane yametunzwa.
Yasionekane yamepambwa."

Miaka kumi na mmoja kwenye ndoo hizi
sijaagizwa hivyo.

Nikaanza na burashi. Maji ya kwanza yakatoka kahawia,
ya pili kahawia,
ya nne yakatoka maji.
Nikayaacha matairi juani yanywe joto, kisha yapoe.
Tone moja la dawa, upana wa shilingi,
nikalitandaza mpaka sponji ikalalamika.
Nikangoja muda wa kumenya chungwa na kulila,
nikafuta kwa fulana kuukuu.

Ukatoka weusi nilioutaka:
si mbegu ya stafeli iliyotoka mdomoni sasa hivi,
ni ile iliyolala dirishani siku mbili.
Nilijisikia fundi, wallahi.
Kizuri chajiuza, nikasema moyoni,
na mbele ya Bi Swabra nikanyamaza.

Akachutama. Akabonyeza kwa kidole, akatazama kidole.
"Futa tena."
Nikafuta.
"Hili la mbele, kushoto. Tena."
Bibi, nikifuta zaidi hakuna kazi iliyofanyika.
"Futa."

Ndipo nikauona.
Mkwaruzo, urefu wa kiganja, ubavuni mwa tairi.
Dawa yangu ilikuwa imeufunika.
"Aligonga ukingo wa barabara akigeuka Makupa," akasema,
"siku aliyoambiwa na daktari asiendeshe tena.
Nilikuwa nimekaa kando yake. Hakusimama.
Mwenye kununua naaone."

Nikafuta mpaka mkwaruzo ukarudi.
"Hapo," akasema.
Akalipa. Akaenda na gari polepole,
akikwepa madimbwi yetu.

Saa kumi nilimwona upande wa pili wa barabara,
kwa miguu,
kwapani amebana mto wa kiti cha dereva,
umebonyea katikati.
Hakutazama huku.

Jioni Chengo akafungua daftari, kalamu mkononi.
Kwenye ubao wetu kuna bei tatu:
kawaida, kung'aa, harusi.
"Ile Datsun niiandike wapi?"

Kucha zangu bado nyeusi, hazitoki kwa ndimu.
Andika jina lake, nikamwambia.
Hapo pengine acha wazi.