Sekunde Tatu za Alfajiri

Dada yangu Bogna aliusikia kabla ya sisi sote,
saa kumi na moja kasorobo, hapa Suwałki,
Januari imeuma hadi vitasa vya milango:
karakarakara,
kama kopo la misumari mkononi mwa mtoto mwenye hasira,
kisha kimya, kisha injini inanguruma kwa adabu
kana kwamba si yenyewe iliyopiga ule mlio.

Mimi huliendesha mchana.
Nissan Micra, ya mwaka tisini na nane, milango miwili,
tumeigawana kama tulivyogawana chumba utotoni:
yeye alfajiri, kwenda kuoka mikate ya watu,
mimi saa nane, kwenda kufundisha hesabu.
Nikiwasha, hakuna neno.
Injini bado ina joto la safari yake.
Nikamwambia, Bogna, masikio yako yamechelewa kuamka.
Hakujibu. Alikuwa na unga kwenye nyusi.

Kunguni wa kitanda cha dada yangu
mimi ningewajulia wapi?

Akalipeleka gari kwa fundi: likatulia.
Akalipeleka kwa mwingine: likatulia tena,
limenyooka kama mtoto aliyeitwa kusalimia wageni.
Yule wa pili alitamka mnyororo wa taimingi
na bei iliyolizidi gari lenyewe,
boneti hajaifungua.

Zenon Kalejta ndiye aliyeuliza:
"Linalia kwa muda gani?"
Bogna akafumba macho, akagonga meza kwa kidole.
"Sekunde tatu. Jumatatu, nne."
"Kwa nini Jumatatu?"
"Jumapili halitembei."
Fundi akaweka chini kikombe chake.
"Basi liacheni hapa lilale.
Ugonjwa wa usiku siwezi kuupima mchana."

Tukarudi alfajiri, mimi nimekuja kushinda ubishi.
Nyuzi ishirini na moja chini ya sifuri.
Zenon ameinama na mpini wa ufagio,
ncha moja kwenye jalada la mnyororo,
ncha nyingine sikioni.
"Washa. Usikanyage mafuta."
Nikawasha mimi.

Karakarakara.

Sekunde tatu ni ndefu sana
ukiwa ndiye uliyesema hakuna kitu.

Mnyororo hakuugusa.
Alijilaza juu ya boksi, akafungua chujio la oili,
akalibana kwenye jiriwa, akalikata kwa msumeno
taratibu, kama anayekata keki ya mtu mwingine.
"Humu hukaa kilimi cha mpira," alisema,
"kuizuia oili isishuke usiku.
Tazameni." Kilikuwa kimekakamaa,
kimejikunja kama ganda la chungwa juu ya jiko.
"Oili yote inateremka kulala kwenye karai.
Asubuhi mnyororo unaamka na kiu,
unajipigapiga ukutani mpaka ipande.
Nani alinunua hili?"

Bogna akatazama dari.

Mimi. Mwezi wa tisa, gulioni, zloti kumi na moja,
na jioni ile, mezani, mwalimu wa hesabu
nilijisifu kwamba nimeokoa kumi na nne.

Chujio jipya likafungwa. Gari likalala tena.
Kulipokucha Bogna aliwasha mwenyewe,
akanionyesha kidole kupitia kioo:
kimoja. Sekunde moja, labda haikutimia.
"Hiyo ni ya umri," Zenon alisema.
"Mnyororo umeanza kulegea. Msikilizeni.
Zikirudi mbili, njooni, na mje na pesa."

Siku hizi naamka kabla yake.
Nasimama dirishani, ghorofa ya tatu, miguu mitupu,
kioo kimefunga barafu, nahesabu.
Sijamwambia.
Leo aliingia garini, akafunga mlango,
halafu akateremsha kioo, akatazama juu,
akangoja, ufunguo mkononi, pumzi yake nyeupe,
mpaka nilipofungua dirisha.