Wimbo wa Tano

Studio ilikuwa zamani duka la vipuri vya kombaini.
Bado mkanda mmoja umetundikwa ukutani,
na ukivuta pumzi kwa kina unainusa grisi.
Taras aliipenda. Alisema harufu ile inamjua.
Mimi nilikuwa dereva tu: saa nne za Saskachewani nyeupe,
nyuzi thelathini na moja chini ya sifuri
na nyuzi sita zimelala kiti cha nyuma,
zimefunikwa blanketi langu, mimi nikitetemeka.

Siku sita, nyimbo tisa, albamu ya kwanza.
Garnet Pruden, mwenye mitambo, hasifu mtu.
Akiridhika husema, "Haya," na kubonyeza kitufe;
asiporidhika husema, "Haya," vilevile,
na ndugu yangu alijifunza kuzipambanua hizo haya mbili
kama mfugaji anavyopambanua mlio wa njaa
na mlio wa uchungu.

Bi Verna alikuja na gitaa lake la mapajani,
sare ya hospitali ndani ya koti, peremende shavuni.
Akateleza kile chuma juu ya nyuzi, mara moja,
na chumba kizima kikawa tambarare:
mabua ya ngano, seng'enge, nguzo za simu zikififia,
ng'ombe mmoja anayetazama pasipo na kitu.
Kisha akatazama saa.
"Nina dakika arobaini, mwanangu. Wagonjwa hawangoji kiitikio."

Wimbo wa tano ni wa mnada.
Nilikuwa kwenye kiti chenye mguu mbovu, namenya chungwa,
aliposogelea maikrofoni akaimba
kwamba siku ile walipopakia ng'ombe wa mwisho
baba alishika lango, akalia.

Chungwa likabaki mkononi.

Maana baba hakulia.
Baba alikula donati mbili za dalali,
akauliza kama kamba zinauzwa pamoja na ng'ombe,
akatia saini kwa kalamu ya kuazima, akairudisha.
Aliyelia ni mimi, nyuma ya ghala la nyasi kavu,
mdomo nimeuziba kwa glavu yenye ladha ya chumvi na samadi,
kwa ajili ya Nambari Kumi na Saba,
mtamba niliyemlea kwa chupa,
aliyepanda lori bila kusukumwa.
Nilidhani hapakuwa na mtu.

Sasa machozi yangu yamevaa kofia ya baba,
yamepata vina, yamepata fidla nyuma yake,
na Garnet Pruden amesema, "Haya,"
ile ya kwanza.

Ningesema nini? Kwamba wimbo unadanganya?
Mengine yote ni kweli: lango lilifungwa kwa waya, si komeo;
upepo ulitoka kaskazini.
Labda dada anayelia nyuma ya ghala haimbiki.
Baba anayelia langoni, huyo atauza.

Tulirudi usiku. Taras alilala mdomo wazi,
miaka ishirini, ndevu saba.
Nikamfunika yeye blanketi.
Ikawa zamu ya gitaa kutetemeka.

Albamu ilifika Aprili, ndani ya bahasha, theluji ikianza kuoza.
Jaladani amesimama mbele ya ghala lilelile,
mikono mifukoni, kama mtu aliyekuja kulinunua.
Baba aliitia diski kwenye pikapu, uani, injini imezimwa,
mimi kando yake na chupa ya chai.
Wimbo wa kwanza: kimya.
Wa pili: "Gitaa limezidi sauti."
Wa tano ulipokwisha, akakisimamisha chombo.

"Mimi sikulia," akasema.
"Najua."

Maji yalidondoka kutoka ukingo wa paa,
tone, tone, bila mizani.

"Basi alimwona nani?"

Nikafungua chupa, nikammiminia,
nikakijaza kikombe hadi mdomoni
ili ashughulike na kutomwaga.
Akanywa. Hakuniangalia.
Kidole chake kinene kikatafuta kitufe, kikakikosa, kikakipata,
akaurudisha wimbo mwanzo.