Kisigino

Wameniandikia wale waliobaki, wa Tabora, wa Muscat, wa Mwika:
"Mama Elinaike, wewe ndiye uliyekaa mezani.
Tuandikie historia ya timu ya kikapu, wanaume, pale chuoni Moshi.
Kurasa mbili tu, zisomwe kabla ya chakula."

Kurasa mbili!
Daftari langu la kwanza peke yake lina mia na tisini,
jalada limeliwa na mende,
na ukilifungua bado linanuka kahawa,

maana uwanja wetu wa kwanza ulikuwa sakafu ya kuanikia buni.
Mavuno yakianza tulifukuzwa.
Ringi ilikuwa pete ya pipa la mafuta;
fundi Mkindi aliichomelea kwa deni,
na deni hilo, kwa hesabu zangu, halijalipwa.
Mpira ulikuwa mmoja.
Ukitoka nje upande wa chini unadumbukia mferejini,
na mfereji hausubiri mtu.
Ndivyo Hosiana Lyatuu alivyopata mbio zake:
kushindana na maji hadi migombani kwa watu,
akarudi na mpira umelowa, mzito
kama mtoto aliyelala begani.

Mwaka wa sabini na tisa ukurasa ni mtupu.
Wawili walikwenda vitani Kagera.
Alirudi Senzia, na Senzia hakutaka tena kusikia filimbi.
Akawa anakuja jioni, anakaa nyuma yangu,
ananichongea penseli.

Halafu walikuja warefu, walikuja wenye maneno,
akaja kocha Mbwambo na mkebe wake wa ugoro
aliyefundisha kuzuia kwa kutumia viti vya bwalo la chakula:
"Kiti hakidanganyiki kwa macho. Jifunzeni kwa kiti."
Tulifungwa Morogoro. Tulifungwa Dodoma.
Tulifungwa nyumbani, Kibo ikitazama bila wingu,
na hiyo ndiyo iliyouma.

Sasa fainali ya tisini na moja, Arusha.
Hii ndiyo wanayoitaka, najua.
Asubuhi mvua ilinyesha, mistari ya chokaa ikapauka.
Wao hamsini na saba, sisi hamsini na tano,
sekunde nne.
Tluway Bura alipokea mpira pembeni, mbele ya meza yangu kabisa,
akaruka.
Kimya. Wavu. Kisha uwanja mzima ukasimama juu ya vichwa vyetu.

Mwamuzi alikuwa amezibwa na migongo.
Akanigeukia mimi, macho yanauliza: mbili au tatu?
Nami nilikuwa nimekiona kisigino.
Kisigino cha kushoto, raba nyeupe ya kuazima,
kimekanyaga chokaa kama mtu anayezima sigara.

Niliinua vidole vitatu.

Usiku, kwenye ngazi za hosteli, wenzake wakiimba,
Tluway alinifuata na soda mkononi, hajainywa.
"Mama, kisigino."
Nikamwambia, "Kalamu haina kisigino, mwanangu. Kalale."
Hakulala. Msimu uliofuata hakujiandikisha.
Aliniambia ni masomo, nami nikaandika: masomo.

Kombe lipo kwenye kabati la kioo, karibu na ofisi ya mhasibu.
Nilistaafu nikilipita kila siku kwa miaka kumi na minane.
Wafagizi hulifuta vumbi. Mimi sikuligusa.

Basi wazee wangu, hizi hapa kurasa mbili:
buni, mfereji, viti vya Mbwambo, majina yote
ya wanaume mia na kumi na moja, wa akiba wakiwemo,
pamoja na deni la Mkindi, ambalo tulilipe.
Katikati yake nimebana karatasi ya tatu.
Haina neno.
Ni zile dakika tano za nyongeza
tulizowanyima vijana wa Arusha,
tukajinyima na sisi.
Atakayesoma akifika hapo anyamaze kidogo,
amtazame Tluway, kama atakuwa amekuja,
ndipo mle.