Herufi za Ndara

Nimezikata kwa kisu cha kupaa samaki:
M ya buluu, kisigino cha nani sijui,
K nyeusi yenye tundu la ukanda,
S iliyokataa kupinda, nikaiacha na kibyongo chake.
Zote ni ndara zilizotupwa na maji.
Mkaguzi aliniuliza, "Vifaa viko wapi?"
Nikamfungulia gunia.

Watoto kumi na wanane, jamvi moja,
chumba cha chini, Langoni,
punda wa jirani akijikuna ukutani kwa nje.
Sheria ya mchezo ni hii tu:
kila mtu na herufi yake,
neno halisimami mpaka watu wasimame.

Siku ile Famau akaificha A.
Aliikalia kama kuku na yai.
Ndiyo moja iliyosalia; ya pili ililiwa na mbuzi wa Bi Tima.
Hapo nikajua lugha yetu inavyoombaomba A:
baba akabaki b-b, anatetemeka kwa baridi,
mama akawa mguno,
taa ikazimika.
Lali akalia. Swabra akatishia kwenda kusema kwao.

Sikumkemea. Nilimwambia, "Haya, isome."
Akaiinua. "A."
"Tena."
"A. A-a."
Wenzake wakaangua kicheko: "Anakataa! Anakataa!"
Maana A peke yake, ukiirudia,
ni mtoto anayesukuma bakuli la uji.

Mwanasiti alikuwa na N tangu asubuhi.
Hakuna aliyeitaka N yake,
ikivuma puani mwake kama mbu.
Akainuka, akaenda kukaa ubavuni mwa Famau,
bega kwa bega, hakumpokonya kitu.
Jamvi zima likasoma kabla yangu:
na.

Neno dogo, halifiki uzito wa kokwa ya ukwaju.
Famau akalitamka, akamtazama Mwanasiti,
akalirudia, sasa likiwa na kazi:
"Famau na Mwanasiti. Na Lali. Na Swabra. Na punda."
Hatukuweza kumnyamazisha mpaka uji ukaja.

Ningeishia hapo, ingependeza.
Lakini kesho yake akaificha tena.
"Nataka jina langu," akasema.
F ipo. M ipo. U ipo, kubwa kama karai.
A ni moja, na jina lake linataka mbili.
Wakakaa wakiwaza, vidole mdomoni.
Lali akatoa shauri: A iwe inakimbia,
isimame huku, iwahi na kule.
Wakajaribu. Famau akakimbia ndani ya jina lake mwenyewe,
mara tatu, ya nne akaanguka juu ya M.

Nikavua ndara yangu ya kushoto.
Kisu kilikuwa kwenye gunia.

Nimerudi kwa uchochoro wa nyuma, mguu mmoja mtupu.
Mlangoni mavyaa akanitazama chini:
"Ya pili i wapi?"
"Imeanza chekechea."
Hakucheka. Akaniletea maji ya kuoshea mguu,
kisha, kama mtu anayeuliza bei tu,
akauliza A inafananaje.