Nakukabidhi Ndahani

Nyemo, faili lake ni hili, jembamba.
Daktari wa mjini ameandika mstari mmoja na nusu:
neva zinazoamuru misuli zinakufa,
tiba hakuna,
apewe huduma nyumbani.
Huduma ni neno fupi. Ngoja nilirefushe.

Fika Mpunguzi kabla upepo haujaamka.
Ukiamka unabeba mchanga hadi kwenye kope,
na kope ndiyo sauti aliyobaki nayo:
moja ni ndiyo,
mbili ni hapana.

Mgeuze kila baada ya saa mbili. Usimvute, mviringishe,
ngozi yake sasa ni ganda la kitunguu.
Katikati ya magoti weka ule mto wa pumba za uwele,
Mbeleje, mkewe, aliushona kwa shati la kazini
lenye doa la zabibu lisilotoka.

Maji matupu yanampalia. Mpe mlenda.
Chuoni walitufundisha unga wa kuongeza uzito,
wa kopo, wa bei.
Mbeleje alicheka: Tangu lini Mgogo akauziwa utelezi?
Kijiko kidogo. Kidevu kishuke kifuani.
Subiri koo lipande, lishuke,
ndipo uchote kingine.
Mlo mmoja ni saa nzima,
nawe usitazame saa yako. Anakuona.

Umeme ukikatika, mashine ya kuvuta makohozi
ina kanyagio la mguu.
Mbeleje analikanyaga kuliko mimi,
kama anayeshona cherehani,
huku anamsimulia nani kaoa, mbuzi wa nani kapotea.

Watakuambia mlangoni kwamba karogwa,
watataja ekari mbili, watataja na jirani.
Usibishane. Waambie tu: ingieni mumshike mkono.
Wengi hukumbuka wameacha chungu jikoni.
Chibago peke yake huingia,
kila Jumapili, na wembe mpya, kumnyoa.

Kuna kipande cha boksi la sabuni chini ya godoro,
nimechora herufi.
Pitisha kidole polepole, akifumba simama.
Siku ya kwanza nilitarajia wosia,
nikaja na kalamu nzuri.
Dakika ishirini: N.
Kisha Z.
Kisha I.
Alikuwa kwenye paji la uso, mkubwa, wa kijani,
nami nilikuwa nimekaa hapo tangu asubuhi.
Nilimfukuza, nikatoka nje
nikajifanya natafuta glavu.

Alikuwa mpogoaji, hilo faili halisemi.
Wenye mashamba walimfuata kutoka hadi Mbabala.
Mkasi ulipoanza kumdondoka alidhani ni uchovu,
akaufunga kiganjani kwa kamba ya katani,
akapogoa msimu mzima hivyo.

Wiki iliyopita tulisogeza kitanda dirishani.
Malugu, mwanawe, ana miaka kumi na minne,
akaingia shambani na mkasi uleule.
Anainua tawi, anamtazama baba.
Kope moja: kata.
Kope mbili: shuka kidogo.
Kila tawi liachiwe macho mawili, yasizidi.
Mistari mitatu mpaka adhuhuri,
mtoto kajikata kidole, hakusema.

Baadaye akataka boksi.
N-I-M-E-P-O-G-O-L-E-W-A.
Nilidhani amechoka, nikaanza kulikunja.
Akakodoa. Nikalifungua tena.
M-A-C-H-O M-A-W-I-L-I.
Mbeleje alicheka akalia,
au alilia akacheka, sikumbuki mpangilio.

Kesho napanda basi la Manyoni, barua ya uhamisho ninayo.
Kuaga sikuweza vizuri.
Nilimwambia, Tutaonana, kaka,
kope ikashuka mara moja,
nami nikainama haraka kufunga begi
nisije nikahesabu ya pili.

Sasa ni saa nne kasoro.
Nawa mikono.
Anageuzwa upande wa kulia,
aelekee dirishani.